Serikali na umaskini wa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto hana mshahara wala mali. Kwa nini pawe na "umaskini wa watoto" mbali na ule wa wazazi wao?

Umaskini mtoto anaukuta nyumbani, hilo halina ubishi. Ila haugawanyiki sawa. UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2023 kwamba watoto milioni 333, karibu mmoja kati ya kila sita duniani, wanaishi katika kaya zenye chini ya dola 2.15 kwa mtu kwa siku. Watoto ni kama theluthi ya watu wote duniani, lakini ni zaidi ya nusu ya walio katika umaskini uliokithiri. Kila mtoto anayeongezeka ni mdomo mwingine wa kulisha, na kwa miaka kadhaa humfunga mtu mzima mmoja nyumbani, mara nyingi mama, asiweze kutoka kutafuta kipato.

Kisha kuna suala la muda. Mtu mzima aliyepitia miaka miwili mibaya anaweza kujikongoja hadi akainuka. Mtoto aliyekosa lishe tangu mimba hadi miaka miwili, zile siku 1,000 ambazo wataalamu wa lishe hawachoki kuzitaja, anaweza kudumaa, na udumavu hauponi kwa sababu baba alipata kazi mtoto alipofika darasa la kwanza.

Serikali inajuaje nani ni mtoto maskini?

Inategemea imeamua kupima nini, na uamuzi huo si wa kitaalamu tu.

Njia ya kwanza ni kukadiria gharama ya mahitaji ya lazima. Canada inafanya hivyo, na sheria yake ya 2019 ikaufanya huo kuwa mstari rasmi wa umaskini: kapu la chakula, nguo, nyumba, usafiri na mengineyo linapigwa bei eneo kwa eneo, na familia isiyolimudu inahesabiwa maskini.

Ya pili inalinganisha watu wa nchi moja. Panga kaya zote kwa mstari, kuanzia fukara hadi tajiri, kisha chukua ile iliyo katikati kabisa. Umoja wa Ulaya unachora mstari wa umaskini kwenye asilimia 60 ya kipato cha kaya hiyo. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, hutumia asilimia 50. Tupige hesabu. Tuseme kipato cha kati ni 1,000 kwa mwezi, basi mstari wa Ulaya ni 600. Hiyo 600 ni ya mtu anayeishi peke yake. Kaya ikikua, kila mtu anapewa uzito: mtu mzima wa kwanza 1, mwingine yeyote wa miaka 14 na zaidi 0.5, mtoto wa chini ya miaka 14 anapewa 0.3. Baba, mama na watoto wawili wadogo wanafika 2.1, hivyo wanahitaji 1,260 ili wasihesabiwe maskini. Wakiwa na 1,250, watoto wote wawili wamo kwenye takwimu. Waongezee 10 tu, wametoka. Hapo ndipo ujanja unapoanza. Waziri anayetaka takwimu nzuri kabla ya uchaguzi atawatafuta walio hatua moja chini ya mstari na kuwasukuma kidogo, huku mwenye 500 akibaki pale pale.

Kipimo hiki kina kituko kingine. Uchumi ukianguka na kipato cha kati kikashuka, mstari nao unashuka, na kuna watoto "watakaotoka" kwenye umaskini bila nyumba yao kuongezewa hata senti.

Njia ya tatu haihesabu fedha kabisa. Inauliza nini kinakosekana: maji safi, choo, lishe, shule, umeme. Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi cha UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na Chuo Kikuu cha Oxford kilionyesha mwaka 2024 kuwa kati ya watu bilioni 1.1 waliokuwa maskini kwa maana hiyo, milioni 584 walikuwa chini ya miaka 18.

New Zealand ilikataa kuchagua kipimo kimoja. Sheria yake ya 2018 inataka vipimo kadhaa vitangazwe pamoja, na serikali ieleze imefikia wapi inaposoma bajeti. Kwangu mimi huo ndio utaratibu wa haki zaidi, maana kipimo kimoja kikipambwa, kingine kitaumbua.

Kuna sheria inayoilazimisha serikali kufanya lolote?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema katika ibara ya 26 na 27 kwamba mtoto ana haki ya kunufaika na hifadhi ya jamii na kuishi maisha yanayotosheleza ukuaji wake. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa 2015 yanataka umaskini wa aina zote, wa watoto ukiwemo, upungue angalau kwa nusu ifikapo 2030. Hakuna askari anayekuja kumkamata waziri wa fedha asipotimiza.

Nchi chache zimejifunga zenyewe. Bunge la Canada liliazimia kwa kauli moja mwaka 1989 kumaliza umaskini wa watoto kufikia 2000. Mwaka huo ukafika na kupita. Uingereza ilienda mbali zaidi. Waziri mkuu Tony Blair aliahidi mwaka 1999 kuumaliza ndani ya kizazi kimoja, na mwaka 2010 malengo yakaandikwa kwenye sheria. Mwaka 2016 serikali iliyofuata iliyafuta malengo hayo kwa sheria nyingine. Scotland, ambayo ina bunge lake, ikatunga ya kwake 2017 na kuyarudisha. Kwa hiyo sheria inasaidia, hasa kwa kuwapa wapinzani na waandishi wa habari kitu cha kushika, lakini inaweza kufutwa mchana kweupe.

Je, kuwapa wazazi fedha kunapunguza umaskini kweli?

Ndiyo, na kuna mfano ulio wazi mno kiasi kwamba wachumi watautaja kwa miaka mingi ijayo.

Marekani ina nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Kabla ya 2021 nafuu hiyo ilitegemea kipato cha mzazi, lakini kwa namna ya ajabu: mwenye kipato kidogo sana alipata pungufu, au hakupata kabisa, kwa kuwa hakuwa na kodi ya kutosha ya kupunguziwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha mambo kwa mwaka mmoja. Kiwango kilipanda hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa wa miaka 6 hadi 17, na mzazi asiye na kipato akapewa chote. Tena nusu ililipwa kila mwezi, Julai hadi Desemba, moja kwa moja kwenye akaunti: dola 300 kwa mdogo, 250 kwa mkubwa.

Kwa kipimo cha serikali kinachohesabu pia misaada na kodi, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021. Muda wa sheria ukaisha na Bunge halikuuongeza. Mwaka 2022 ulikuwa asilimia 12.4. Ni kweli misaada mingine ya wakati wa korona nayo ilikwisha na bei za vitu zilipanda, kwa hiyo si nafuu hiyo peke yake. Hata hivyo watoto walikuwa wale wale, wazazi wale wale. Ukisikia mtu akisema umaskini umeota mizizi na hauondoki, mwonyeshe miaka hiyo mitatu.

Wazazi si watazinywea pombe?

Swali hili huulizwa kila mahali, na mara nyingi na watu ambao mishahara yao haikaguliwi na mtu. Wachumi wawili wa Benki ya Dunia walipitia mwaka 2014 tafiti 19 kutoka mabara kadhaa kuhusu fedha wanazopewa maskini na matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa jumla hawakuona ongezeko. Katika baadhi ya tafiti matumizi hayo yalipungua.

Kwa nini basi serikali nyingine huweka masharti?

Mexico ndiyo iliyoufanya mtindo huu uvume. Mpango wa Progresa ulianza 1997: kaya inalipwa mradi watoto waende shule na familia ihudhurie kliniki. Fedha alipewa mama, na msichana wa sekondari alipangiwa zaidi ya mvulana kwa kuwa wasichana ndio waliokuwa wakiacha shule zaidi. Serikali ilifanya jambo la nadra, ikachagua kwa bahati nasibu vijiji vya kuanza na vya kusubiri, ili matokeo yalinganishwe. Uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa kwa wasichana. Mpango ulibadilishwa jina mara mbili, ukafutwa 2019. Bolsa Família ya Brazil, iliyoanza Oktoba 2003, ilifuata njia hiyo hiyo kwa upana zaidi.

Masharti yana faida ya kisiasa ambayo haisemwi sana: mlipa kodi anaona fedha zake hazitolewi bure. Lakini fikiria anayeadhibiwa sharti likivunjwa. Mtoto ameacha shule kwa sababu anauguza ndugu, na serikali inakata fedha za nyumba hiyo hiyo yenye mgonjwa.

Utafiti mmoja wa Zomba, Malawi, wa 2008 na 2009 ulionyesha mvutano huu vizuri. Familia za wasichana ziligawanywa: wengine walilipwa kwa sharti la shule, wengine bila sharti. Wenye sharti walibaki shuleni zaidi. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wasio na sharti, kwa sababu msichana aliyekwisha kuacha shule aliendelea kuwa na fedha mkononi, hakulazimika kutafuta mwanamume wa kumtunza. Nani alifaulu zaidi? Itategemea ulitaka nini.

Afrika Kusini haifuati njia ya Mexico. Posho yake ya mtoto, iliyoanza Aprili 1998 kwa randi 100, humfuata mtoto kwa yeyote anayemlea, awe mama, bibi au shangazi, na leo inawafikia watoto zaidi ya milioni 12.

Wapewe watoto wote, au maskini tu?

Akili ya haraka husema maskini tu. Kwa nini tumlipe mwenye nacho? Shida ni kumpata huyo maskini. Pale ambapo watu wengi hawana hati za mshahara, serikali hukisia kwa alama: paa la nyumba, sakafu, idadi ya watu chumbani, mifugo. Kaya iliyorithi paa zuri inakosa, jirani yake mwenye kipato zaidi lakini paa bovu anapata. Makosa ya aina hii si machache, na huzua chuki mtaani kwa kuwa hakuna anayeweza kueleza kwa nini huyu na si yule.

Halafu kuna mtego wa kipato. Uingereza inapunguza msaada wake mkuu, Universal Credit, kwa peni 55 kwa kila pauni ya mshahara baada ya kodi, ukishavuka kiwango kilichosamehewa. Mama akiongeza saa za kazi na kupata pauni 100 mkononi, anabaki na 45. Toa nauli, toa malipo ya anayemlea mtoto saa hizo. Asipokwenda kazini siku hiyo watu humwita mvivu, kumbe amepiga hesabu.

Posho ya wote haina mtego huo, haina foleni ya kukaguliwa, na alichopewa tajiri kinaweza kurudi serikalini kwa njia ya kodi. Ila ni ghali. Ndiyo maana nchi nyingi zinaishia katikati: Canada, tangu Julai 2016, hulipa familia nyingi sana lakini kiasi hupungua taratibu kadiri kipato kinavyopanda, na taarifa inatoka kwenye fomu za kodi ambazo watu hujaza hata hivyo.

Kwa nini kaya inayostahili inakosa?

Mara nyingi kwa sababu ya karatasi. Mama anafika dirishani amempakata mtoto, mkononi ana bahasha ya plastiki yenye hati zake zote. Jina lake kwenye cheti cha mtoto limeandikwa kwa "s" mbili. Kwenye kitambulisho chake ni moja. Karani si mkatili, mfumo wa kompyuta unamkatalia. Anaelekezwa ofisi ya vizazi na vifo. Huko anaambiwa alete kiapo cha mwanasheria. Kiapo kinalipiwa. Anarudi nyumbani, na kwenye takwimu ya wizara anahesabiwa kama mtu ambaye "hakujitokeza".

Huyo angalau ana cheti. UNICEF ilikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba watoto milioni 150 wa chini ya miaka mitano hawajasajiliwa popote. Serikali inayotaka kuwafikia watoto maskini inaweza kuanza na jambo lisilo na mbwembwe: kusajili kila kizazi pale pale mtoto anapozaliwa au anapochanjwa, bila malipo.

Si bora wazazi wapewe kazi kuliko posho?

Kazi ni bora, kama inalipa na kama kuna wa kumwachia mtoto. Katika nchi tajiri watoto wengi maskini wanaishi na mtu mzima anayefanya kazi. Mshahara ndio hautoshi. Kwa hiyo kima cha chini cha mshahara ni sera ya watoto, hata kama haiitwi hivyo. Malezi ya mchana nayo ni hivyo hivyo. Jimbo la Quebec nchini Canada lilianzisha mwaka 1997 vituo vya kulelea watoto kwa dola 5 kwa siku, na akina mama wengi zaidi wakaingia kazini.

Mlo wa shule unasaidia, au ni maonyesho tu?

Unasaidia, na ni msaada usiohitaji fomu. Finland ilipitisha sheria ya mlo wa bure kwa wanafunzi wote na kuanza kuitekeleza 1948. Mahakama ya Juu ya India iliamuru Novemba 2001 kwamba shule za msingi za serikali zitoe chakula kilichopikwa, si nafaka kavu za kubeba nyumbani, na leo mpango huo ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Brazil iliongeza jambo la akili: sheria ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za chakula kutoka mfuko wa taifa zinunue mazao ya wakulima wadogo. Sufuria moja, maskini wawili wamenufaika. Upungufu wake ni kwamba hauwafikii walio chini ya umri wa shule, na hao ndio wanaodhurika zaidi na njaa.

Na elimu bila ada?

Malawi 1994, Uganda 1997, Kenya 2003: ada za shule za msingi zilipofutwa, watoto walifurika madarasani, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Sare, daftari na michango vilibaki kwa mzazi. Kufuta ada kunafungua mlango; kinachokuwa ndani ya darasa ni bajeti nyingine.

Baba asipotoa matunzo, serikali inafanya nini?

Nchi nyingi humwachia mama akahangaike mahakamani. Sweden na Ujerumani zimegeuza utaratibu: serikali inamlipa mtoto kwanza, kisha yenyewe inamdai baba. Sioni kwa nini mtoto asubiri kesi iishe ndipo ale.

Posho hazitawafanya watu wazae zaidi?

Poland ilitamani hivyo. Aprili 2016 ilianza kulipa zloty 500 kwa mwezi kwa mtoto, na kuongeza kizazi ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa hadharani. Mwaka 2017 vizazi vilipanda kidogo, kisha vikaendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Umaskini wa watoto ndio ulioshuka mapema.

Uingereza ilikwenda kinyume: ilikataa kutoa msaada unaotegemea kipato kwa mtoto wa tatu na kuendelea waliozaliwa kuanzia Aprili 2017. Familia kubwa zilizidi kuwa maskini, na Novemba 2025 serikali ikatangaza kwamba kikomo hicho kinaondolewa kuanzia Aprili 2026.

Posho ikishaanzishwa, kazi imekwisha?

Posho isiyopanda na bei inakufa polepole bila waziri yeyote kulaumiwa. Kiasi kilichonunua maziwa ya mwezi mwaka wa kwanza kitanunua ya wiki mbili baada ya miaka kadhaa ya mfumuko, na bajeti bado itasomeka kwamba "huduma inaendelea". Posho ya watoto ya Scotland ilianza Februari 2021 kwa pauni 10 kwa wiki, ikafika 25 Novemba 2022, na tangu 2024 hupandishwa kufuata bei. Ukisoma sheria ya posho popote, tafuta kifungu hicho kwanza.

Nchi isiyo na fedha ianzie wapi?

Shirika la Kazi Duniani lilihesabu mwaka 2024 kuwa ni asilimia 28.2 tu ya watoto wa chini ya miaka 15 duniani wanaopata posho ya mtoto au ya familia. Katika nchi za kipato cha chini hawafiki mmoja kati ya kumi.

Walioweza walianza kwa umri, si kwa kusubiri hazina ijae. Afrika Kusini ilianza na walio chini ya miaka 7, kisha ikasogeza hatua kwa hatua hadi 18. Nepal ilianza 2009 na watoto wa chini ya miaka mitano, wa eneo la Karnali na wa kaya maskini za Wadalit, watu wa tabaka linalobaguliwa, kwa rupia 200 tu kwa mwezi, na mojawapo ya faida zilizoonekana mapema ilikuwa wazazi kukimbilia kusajili vizazi.

Mtoto akitimiza miaka 18?

Siku ya kuzaliwa ikifika, malipo yanasimama. Katika mipango mingi hakuna kinachofuata: kijana bado yuko nyumba ile ile, na huenda bado yuko shuleni kwa kuwa alichelewa kuanza. Baadhi ya nchi huendelea kulipa mradi awe masomoni. Nyingine humtumia mlezi ujumbe mmoja wa simu, mwezi mmoja kabla.